Mvua ya Mwezi wa Saba

Mume wangu alitunga wimbo wa mapenzi ambao ndani yake neno matope linatajwa mara kumi na moja na neno mapenzi halitajwi hata mara moja. Nimehesabu. Kazi yangu ni kuandika vizazi na vifo katika vitabu vya ofisi moja hapa Kolwezi, na mtu aliyefanya kazi hiyo miaka mingi huhesabu na kusahihisha hata asipoombwa. Wimbo ule ulipendwa na mji mzima. Mimi pia niliupenda, nalisema mapema ili nisionekane nina kijicho. Shida yangu ilikuwa moja tu: wimbo ulikuwa wa uongo, na aliyekuwa akidanganywa ni mimi.

Baba yangu alikufa mwezi wa saba, Jumamosi asubuhi, katika ile nyumba ya zamani ya wafanyakazi wa migodi aliyostaafia, kule Dilala. Siku hiyo mume wangu alikuwa Kisenge. Yeye ni mpiga gitaa, na alikuwa amealikwa kupiga kwenye arusi ya mchana ya tajiri mmoja wa huko. Nilimpigia simu mwenyewe nikamwambia. Akasema, "Niko nakuya." Nyuma yake nilisikia watu wakijaribu mikrofoni.

Kwetu mkwe si mgeni msibani. Ndiye anayelibeba jeneza mbele, upande wa kulia, na baba alikuwa na mkwe mmoja tu. Siku tatu wazee walikuwa wakiniuliza, "Mukwe iko wapi?" na mimi nikajibu, "Iko mu njia." Jumanne tukazika. Nafasi yake mbele ya jeneza ilichukuliwa na jirani yetu, mzee mwenye goti bovu, na baba yangu alikwenda makaburini akiwa ameinama upande mmoja. Nilitembea nyuma nikitazama ule mwinamo njia nzima. Sijawahi kuona aibu kama ile, na ilikuwa aibu ya mtu ambaye hayupo.

Alifika Ijumaa. Akasema lori walilopanda lilipata panne, liliharibika njiani. Nikamuuliza nini kilivunjika, akasema radiateri. Juma lililofuata nikamuuliza tena, vile ninavyowauliza wazazi walioleta tarehe mbili za mtoto mmoja, akasema ni springi. Mume wangu hajui gari. Boneti ikifunguliwa mbele yake yeye husalimia tu na kupita. Sikugombana naye. Siku za kilio zilipokwisha na ikawa wakati wa kurudi kwetu, nilibaki kwa mama pamoja na binti yetu.

"Siku utaniambia kile kilifanyika kabisa," nilimwambia, "njo nitarudia."

"Nilishakuambia," akasema, akachukua gitaa lake akaenda.

Habari za jinsi wimbo ulivyotungwa nilizipata kazini. Mwenye studio, kijana anayerekodi watu katika chumba alichokizungushia magodoro ukutani, alikuja kuandikisha mapacha wake, na kwa kuwa mapacha ni karatasi mbili alipata nafasi ya kunisimulia yote. Alisema mume wangu alikaa mle ndani mwezi mzima akikataa kila kitu. Wimbo wa mapenzi una vitu vyake vinavyojulikana: kuna chérie, kuna moyo, kuna macho, na katikati hutupwa majina ya matajiri waliolipa ili wasikike. Mnunuzi mmoja wa madini alikuja mwenyewe kuomba jina lake litupwe baada ya ubeti wa pili. Mume wangu akamwambia kwamba katika wimbo huo hakuna mtu ila yeye na mke wake, na kati yao hakuna nafasi. Hata ngoma aliikataa. Mdundo wote ni mtu anayepiga bidoni, dumu tupu la maji, kwa mpini wa sepetu.

"Mama, nilimuomba," mwenye studio akasema. "Nilimuambia, tia hata chérie moja tu, bantu bajue kama ni mwimbo ya mapendo. Alikatala."

Nikamwambia aweke sahihi hapa na hapa.

Maneno yenyewe yalikuwa ripoti ya barabara. Alianza Kisenge, akapita Kasaji, akapita Mutshatsha, na kila shimo alilitaja mahali lilipo, na wapi lori lilizama mpaka vioo, na wapi walikata matawi wakayaweka chini ya magurudumu, na nani alisukuma na nani alijifanya mgonjwa. Kisha kiitikio:

*Mvula ilikata njia,*
*mi niko huku, weye uko kule,*
*matope iko katikati.*

Basi, hakuna zaidi. Anarudia mara nyingi, sauti ikishuka, mpaka inabaki bidoni peke yake.

Ulitoka mwezi wa kumi na mbili, wakati mvua imeshika na kila mtu wa Kolwezi ana matope yake ya kulalamikia. Mara ya kwanza niliusikia nikiwa nimepanda taxi-moto kwenda kazini, simu ya dereva ikiimba kifuani mwake. Nilitambua gitaa kabla ya sauti. Ndiyo, nililia pale nyuma. Nilifikiri, tazama mtu huyu, hajui kusema samahani kama watu wengine, amekwenda kuiweka barabarani kote. Nilikuwa nimeamua kurudi nyumbani jioni ile ile. Nikafika ofisini, nikafungua kitabu, akaja mtu kuandikisha kifo cha shangazi yake, na nilipokuwa naandika mwezi ndipo mkono wangu ukasimama.

Mwezi wa saba. Katika nchi yetu mvua huaga kabla ya mwezi wa sita na hurudi mwezi wa tisa ukielekea mwisho. Mwezi wa saba tunakohoa vumbi, na ukitaka matope lazima uyatengeneze mwenyewe kwa ndoo. Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua. Lakini wimbo haukutaja mwezi, na watu waliokuwa wakiusikiliza walikuwa na maji hadi magotini, hakuna aliyeona haja ya kuuliza. Wazee husema njia ya mwongo ni fupi. Ya mume wangu ilitoka Kisenge hadi Kolwezi, na mashimo yake yote yalikuwa na majina.

Nikamtumia ujumbe: "Mwezi wa saba hakuna mvula." Alichukua siku mbili kujibu. Akaandika: "Panne haiimbike."

Tangu siku hiyo mji uliniacha peke yangu na ukweli wangu. Madereva wa malori waliufanya wimbo kuwa wao. Wachimbaji wa Mutoshi waliuimba wakingoja maji yapungue kwenye mashimo yao, wengine wametoka mbali kweli, Kasai na Kivu, na kila mmoja ana mtu aliyeko kule. Watu wakajua ni mke wa nani anayeimbiwa. Nikaitwa Mama wa Kule. Mtu anakuja kuandikisha mtoto, ananitazama, anauliza kwa heshima, "Mama, ni weye ule wa kule?" Najibu kwamba hapa tunaandika vizazi na vifo tu.

Padri wetu naye aliutolea mahubiri. Alisema sisi tuko huku, Mungu yuko kule, na dhambi ndiyo matope yaliyo katikati. Watu waliitikia amina huku wakigeuka kunitazama, nikaelewa kwamba katika mfano huo mimi ndiye Mungu na ninachelewa.

Kisha wakaja akina mama wa sokoni, watano, wamevaa vizuri. Mama yangu aliwapa viti na maji. Aliyechaguliwa kusema akasema, "Mama, bwana yako alipita mu matope yote ile juu yako. Weye unangoya nini?"

"Nangoya ukweli."

"Ukweli haipike bukari, mama," akasema, bukari ikiwa ni ugali wetu, na wenzake wakaitikia kwa vichwa.

Nilimheshimu yule mama, na sidhani alikosea sana. Lakini ningewaambia nini? Kwamba mtu aliyewaliza wote hakuguswa na tone la maji? Wangeniona mimi ndiye mwongo. Na jambo lililonikera kuliko yote ni kwamba wimbo ulikuwa mzuri. Siku moja mama alinikuta naosha vyombo nikiimba matope iko katikati, akasimama mlangoni akasikiliza mpaka mwisho. Binti yetu aliuimba asubuhi akifunga viatu. Nilimkumbuka sana mume wangu. Nilikumbuka hata jinsi anavyokosea kufunga dirisha. Lakini nilijua kwamba nikirudi nitalala maisha yangu yote karibu na mvua ya mwezi wa saba, na kila mara itakapoimbwa nitatabasamu kama ninaiamini.

Mwaka ukazunguka. Ikafika siku ya kumaliza kilio cha baba, mwezi wa saba tena, saa nane ya mchana, uwanjani kwa mama. Turubai lilifungwa, viti vikakodiwa, tukavaa kitenge cha aina moja familia nzima. Vumbi lilikuwa jingi hata tulifunika sahani kwa sahani. Baba mdogo, ambaye mwaka uliopita alisema mkwe huyo asikanyage tena pale, sasa alikuwa amemwalika yeye mwenyewe kwa simu, kwa sababu sasa ni mkwe anayejulikana. Watu wengi walikuja kwa ajili yake. Baba yangu hakuwahi kuwa na marafiki wengi kiasi hicho.

Mume wangu alikuja peke yake na gitaa, bila bidoni. Alikuwa amekonda. Alisalimia wazee, akakaa kwenye kiti walichomwekea mbele, akaanza. Kisenge, Kasaji, Mutshatsha, watu wakipiga makofi. Walipofika kiitikio waliimba wao wenyewe, vumbi kooni, mvua ilikata njia. Ndipo akaacha kupiga. Akangoja wanyamaze.

"Njia haikukatika," akasema. "Njia ilikuwa muzuri."

Watu wakacheka, wakidhani ni sehemu mpya ya wimbo. Baba mdogo akasema, "Tata, imba." Mume wangu akaweka gitaa chini, akanigeukia mimi. Hakutumia mikrofoni, lakini waliokaa mbele walisikia.

"Simu yako ilinikuta tunaanza kupiga," akasema. "Nilisikia muzuri kama papa amekufa. Nikaweka simu mu mufuko, nikasema nitapiga moja tu, kisha nitaenda. Bantu bakaamuka bote kucheza. Tangu nilianza muziki, bantu habajacheza vile mwimbo yangu. Nikapiga ya pili. Nikapiga mpaka jua kuingia. Lori ya kuya Kolwezi ilipita pale, niliiona na macho. Na mi nilikuwa nafurahi. Njo ile ilinishinda kukuambia. Papa yako amekufa, na mi niko nafurahi. Kisha haya ikanikamata, nikalala kule siku tano sijui nirudie na sura gani."

Waliosikia waliinama. Baba mdogo alikohoa, akatazama turubai. Mtu mmoja wa nyuma, ambaye hakusikia kitu na aliona wimbo umekatizwa bure, akaanza kiitikio upya, na uwanja wote ukamfuata kwa furaha, mvua na matope, mi niko huku, weye uko kule. Waliimba vizuri bila gitaa. Katikati ya kelele ile tulikuwa tukitazamana, mimi na mume wangu, naye alingoja.

Kwanza nilitaka kumpiga kwa kiti. Nasema kweli, niliangalia kiti kipi ni chepesi. Niliona tena jeneza likiinama, nikasikia bendi Kisenge, vitu viwili kwa wakati mmoja, na hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Kisha, kwa mazoea ya kazi, nikauliza swali ambalo lilikuwa bado halijajazwa.

"Mwimbo gani?"

"Nini?"

"Ile balicheza. Ilikuwa mwimbo gani?"

Akaona haya upya, zaidi ya mara ya kwanza. "Ile ya ndoa yetu," akasema. "Ile yako."

Wimbo huo naufahamu. Aliutunga juma moja kabla ya arusi yetu, una jina langu ndani, ni mrefu, na haukuwahi kumwinua mtu kitini. Kwenye arusi yetu wenyewe ndugu zangu waliutumia kwenda kujisaidia. Miaka kumi na moja aliupiga kila alikoalikwa na watu wakala chakula chao. Na siku moja, huko Kisenge, uwanja mzima wa watu wasionijua uliinuka ukacheza jina langu mpaka jua likazama.

Nikafurahi. Sikuwa nimejiandaa, na sikuweza kuzuia. Ilipanda usoni, na nikajua mama ananiona. Nilikuwa nimesimama katika uwanja wa baba yangu, siku ya kumlilia mara ya mwisho, nimevaa kitenge cha kilio chake, na nilikuwa nafurahi.