Asante ya Ademar

Nibia Etcheverry alilima nyanya kwenye mabanda ya nailoni ya mji wa Salto tangu usichana wake, na alipostaafu alidhani sasa atapumzika. Wapi! Klabu ya bangi ya mtaani kwake, iliyosajiliwa kisheria, ikamwomba awe mkulima wake, naye akakubali kwa sababu moja tu: udadisi. Bangi yenyewe hakuwahi hata kuionja. Alitaka kujua mmea gani huo unaodekezwa kuliko nyanya.

Klabu ilikuwa nyumba ya kawaida isiyo na kibao, maana sheria haitaki ijitangaze. Mkaguzi wa serikali alikuja akahesabu mimea na kwenda zake. Mavuno hayauzwi, kila mwanachama hupimiwa fungu lake, na asiye mwanachama hapati hata jani. Wanachama walikuwa kumi na watano, na sheria haikubali pungufu ya hapo. Akitoka mmoja tu, klabu imekufa.

Mimea ilikuwa majike matupu. Taa kali ziliwaka usiku kucha, umeme ukiwa nafuu, na mchana kutwa chumba kilikuwa giza totoro ili mimea ilale. Jike la bangi likisumbuliwa na mwanga usingizini huchanganyikiwa: huota vifuko vya chavua ya kiume, likajitia mimba lenyewe, na maua yote yakajaa mbegu. Nani atavuta mbegu? Msimu uliopita ndivyo ilivyokuwa, na watu walinuna. Sasa Nibia alipogeuza tawi akaona tena vifuko viwili, vidogo kama punje za uwele. Kuna mtu anaingiza mwanga mchana, akajiambia.

Jumamosi wanachama walikaa duara ukumbini wakinywa mate. Si mate ya mdomoni, ni majani yanayotiwa maji ya moto kibuyuni. Ingawa kwa jinsi watu wote wanavyonyonya mrija mmoja, hata yale ya mdomoni yamo. Nibia ndiye aliyekuwa akijaza.

"Ademar," akasema, "mchana unafungua mlango wa chumba cha maua."

Ademar alikuwa kinyozi wa nyumba ya pili, na ndiye aliyewekewa ufunguo wa akiba.

"Mimi? Nifuate nini mle, nikainyoe mimea?"

Watu wakaangua kicheko. Nibia hakucheka.

"Wenye funguo ni mimi na wewe. Na mimi sijafungua."

"Kwa hiyo mimi mwongo?"

"Mimi nimesema mlango, bwana. Uongo umeutaja wewe."

Kibuyu kilikuwa kwa Ademar; akanyonya mpaka kikakoroma, akamrudishia Nibia.

"Asante," akasema.

Kwenye duara la mate, asante si adabu. Maana yake nimetosheka, usinijazie tena. Na Ademar, ambaye siku zote alikuwa wa mwisho kuinuka, hakuwahi kuitamka.

"Mwisho wa mwezi natoka klabuni," akaongeza, akachukua kofia yake.

Nibia alirudi kwake na hasira, lakini hasira ilipopoa swali likabaki. Je, kama si yeye? Basi nani anayeiamsha mimea? Kesho yake alfajiri akaingia chumbani na kigoda kabla taa hazijazima, akajifungia. Taa zikazima. Alikodolea macho chini ya mlango: hakuna hata uzi wa mwanga. Akangoja. Macho yakazoea giza, na ghafla akagundua anaona ncha ya jani. Mwanga huo unatoka wapi?

Alipapasa hadi pembeni, nyuma ya vyungu. Pale paliwaka taa ndogo ya buluu, upana wa punje ya mahindi. Birika la umeme. Birika lake! Alilileta mwenyewe, goti lilipoanza kumsumbua msimu uliopita, asiwe anakwenda jikoni kila akitaka maji ya mate. Taa kubwa zikiwaka, nani angekiona kitone kile?

"Nyani haoni kundule," akanong'ona.

Akachomoa waya. Lakini kutoka hawezi, maana mlango ukifunguka ni mwanga. Akakaa gizani mpaka jioni bila tone la mate, na kwa mtu wa Salto hiyo ni kifungo. Taa zilipowaka akavinyofoa vifuko kimoja kimoja kabla havijapasuka, akajaza chupa ya maji moto, akachukua kibuyu cha mate, akabisha kwa kinyozi.

"Umefunga?"

"Kwa wateja, ndiyo."

"Ni birika langu, Ademar. Lina taa. Nimelikuta linawaka mle ndani."

Ademar akaweka kitana mezani.

"Yaani Bi Nibia, umeninyoa bila maji mbele za watu, na birika unalo!"

"Nimekukosea. Nisamehe."

Nibia akajaza kibuyu, akampa kwa mikono miwili. Ademar akanyonya taratibu mpaka kikakoroma, akamrudishia, akashika ufagio na kuanza kufagia nywele. Nibia akabaki amekishika kibuyu, akilingoja lile neno.

"Sasa unangoja nini?" akauliza Ademar bila kuinua kichwa. "Jaza."