Karani Aliyepima "Hapo Tu"

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Delvina Toulon anateremka njia ya chemchemi ya Fond Balizye akimfuata mbio bibi wa miaka sabini na minane, na bibi anamwacha.

Bibi huyo, Ma Titin Valmond, ana ndoo kichwani na kandambili miguuni. Delvina, mwenye miaka hamsini na miwili, ana simu mkononi, saa ya simu inahesabu, na ameshateleza mara mbili kwenye tope.

"Ma Titin, tembea kama siku zote!"

"Siku zote natembea hivi hivi!"

"Muongo wewe!"

"Wee Delvina, miguu yako imelegezwa na mabasi ya mjini. Usinisingizie mimi."

Mpita njia angedhani wanashindana. Kumbe ni kazi ya serikali. Delvina ni karani wa takwimu wa mkataba, mwaka wa kumi na moja sasa. Hulipwa dola sita za Karibi Mashariki kwa kila fomu iliyojazwa, na matembezi ya leo hayamo kwenye malipo. Anatembea kwa sababu kuna kosa, na kosa lenyewe ni lake.

Dominica yetu iliahidi, pamoja na nchi nyingine, malengo kumi na saba ya maendeleo endelevu. La sita ni maji. Ahadi za namna hiyo hutolewa na wakubwa wenye tai, ukumbini, makofi yakipigwa. Lakini lazima apatikane mtu wa kupanda mlima kuuliza kama ni kweli. Huku upande wa mashariki mtu huyo ni Delvina, na swali lake ni moja: kwenda kuchota maji, kupanga foleni na kurudi, ni dakika ngapi? Zikizidi thelathini, nyumba hiyo huhesabiwa kuwa maji yako mbali nayo.

Sasa muulize mtu wa kwetu umbali, uone. Kila mahali ni "hapo tu." Shamba la kupanda mlima saa nzima ni hapo tu. Kanisa la ng'ambo ya mto ni hapo tu. Kusema mahali ni mbali ni kukiri uvivu, na mtu wa Fond Balizye afadhali umwite mwizi.

"Nimezaliwa milima hii hii," anasema Delvina. "Wakiniambia hapo tu, naandika dakika kumi. Sikuwaza hata kidogo. Na kwangu mimi pia ilikuwa hapo tu!"

Kimbunga kiliondoka na bomba la kijiji miaka kadhaa iliyopita. Mwezi wa tatu mwaka huu ikatoka orodha ya vijiji vya kujengewa matangi, na Fond Balizye haikuwemo. Kwenye karatasi, kijiji kina maji, tena karibu na mlango.

Aliyemfumbua macho karani ni seremala mmoja, Hesketh Royer. Delvina alipita kwake kumjulia hali, akakuta magimbi ndiyo kwanza yanatelekwa. Hesketh akamwambia akae anywe chai ya kakao, ila yeye mwenyewe anakwenda kuchota maji kwanza, hapo tu.

"Nikangoja. Magimbi yakachemka. Nikayachoma kwa uma, yameiva. Nikayaepua. Yakapoa. Nikala moja, nikala la pili," anasimulia huku akicheka. "Ndipo Hesketh akatokea na ndoo, ananiuliza, 'Nimekawia kidogo?' Kidogo! Nilicheka, halafu nikataka kulia, maana mimi ndiye niliyemwandikia dakika kumi."

Tangu siku hiyo hamuulizi mtu dakika. Huuliza hivi: ukiteleka magimbi ndipo uende kuchota maji, ukirudi unayakutaje?

"Wanajibu upesi, 'Eh, yameshaungua zamani!' Hawaoni haya hata chembe. Aibu iko kwenye umbali, kwenye magimbi haiko," anasema.

Nilimuuliza kama ofisi inayapokea majibu ya magimbi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. Msimamizi wake wa mjini alimwambia wazi kwamba jibu ni mali ya mwenye nyumba, na karani halibadilishi kwa huruma zake. Akitaka kusahihisha, atembee na kila mwenye nyumba hadi majini na kurudi, apime kwa saa, na mwenye nyumba atie saini. Mwisho ni Ijumaa, saa kumi alasiri. Leo ni Alhamisi.

Fond Balizye ina nyumba thelathini na moja. Ili kijiji kiingie kwenye orodha, zaidi ya nusu ya nyumba lazima ziwe zimezidisha nusu saa, maana yake kumi na sita. Delvina ameshatembea na thelathini. Kumi na tano zimezidisha, na kumi na tano za bondeni hazikuzidisha. Imebaki ya Ma Titin, ya juu kuliko zote, na mwenyewe alishamfukuza mara mbili kabla ya kukubali leo.

Kwenye chemchemi kuna foleni ya watu saba. Wanamwona bibi, wanaiona simu.

"Mpisheni Ma Titin, anapimwa!" mmoja anapaza sauti, na wote saba wanasogea pembeni.

Delvina anajishika kichwa. "Jamani, msimpishe! Foleni nayo inahesabiwa!"

"Bibi mzima apange foleni nyuma yetu? Sisi hatukulelewa?" anajibu mwanamke mwenye madumu mawili. Ndoo ya Ma Titin imeshajaa.

Anapanda mlima bila kupumzika, midomo ameibana ili asisikike akihema. Mlangoni Delvina anabonyeza simu. Dakika ishirini na tisa na sekunde arobaini.

"Andika," anasema Ma Titin, na uso umemng'aa kwa ushindi.

Delvina anakaa kwenye ngazi. Kalamu anayo mkononi, ila haandiki.

"Ma Titin, ukitia saini hapa, kijiji hakipati tangi."

"Unataka nidanganye?"

"La hasha. Nataka utembee kama unavyotembea mimi nikiwa sipo."

Bibi anaingia ndani na ndoo yake, tunasikia maji yakimiminwa kwenye pipa. Akirudi, ananigeukia mimi, si Delvina.

"Wewe wa gazeti, sikiliza. Marehemu mume wangu alipojenga huku juu, dada zake walicheka. Wakasema mke atamfia kwa kuchota maji. Nikachota. Bomba lilipokuja nikashukuru Mungu, lilipoondoka nikarudi kuchota. Hakuna mtu aliyewahi kunisikia nikisema ni mbali. Leo niseme kwa ajili ya karatasi?"

Delvina habishani naye. Anafunga fomu, anamwambia atarudi kesho saa ile ile, na kama hataki, basi ataandika ya leo.

Njiani ananiambia hajalala vizuri siku tatu. "Ningeweza kuandika dakika thelathini na moja, nani angejua? Lakini uongo wa kwanza niliuandika bila kujua. Huu ningeujua."

Ijumaa asubuhi tunamkuta Ma Titin amesimama mlangoni na ndoo.

"Leo asinisemeshe mtu," anasema.

Anateremka polepole, mguu wa kulia kwanza, kisha wa kushoto kando yake, ngazi kwa ngazi. Penye mawe makubwa anashika magoti. Kwenye chemchemi wapo sita mbele yake, na kabla hawajafungua midomo anawaambia, "Asinipishe mtu." Wanatii. Sijawahi kuona watu wakipanga foleni kwa huzuni namna ile.

Kurudi, anaitua ndoo mara tatu. Mara ya tatu anakaa kabisa, na maji mengine yanamwagika. Delvina anageuza uso upande wa pili, anajifanya anakagua simu, lakini machozi yanamdondoka na wala hayafuti.

Mlangoni ni dakika hamsini na mbili.

Ma Titin anaiomba ile simu, anaitazama namba kwa muda.

"Kumbe ni mbali," anasema taratibu. "Ni mbali hivi, na wanangu nimewaambia niko salama." Kisha anatia saini, jina lote, herufi kubwa kubwa.

Fomu inafika mjini saa tisa na dakika ishirini. Jumatatu msimamizi anapiga simu: Fond Balizye imeingia. Tangi litaanza kujengwa mwezi wa kumi na moja, na wanakijiji wameshakubaliana kubeba saruji kwa ujima, kila nyumba mtu mmoja, chakula juu ya mwenye zamu. Ma Titin ameomba zamu ya kupika. Ameambiwa apumzike, amekasirika.

Delvina mwenyewe hajakaa kusherehekea. Vijiji alivyoviandikia kwa mtindo ule ule ni kumi na kimoja, na hiki ni kimoja tu. Kumi vilivyobaki anataka kuvipima upya kabla ya orodha ya mwakani, malipo yawepo yasiwepo. Msimamizi amemwonya kwamba namba za nchi zitaonekana zimeporomoka.

"Ziporomoke," anasema. "Ahadi ilikuwa maji. Haikuwa namba."

Ataanza na Petit Morne, kijiji kidogo cha ng'ambo ya bonde, ambako bomba nalo halijarudi. Nikamuuliza kwa nini huko, wakati kuna vikubwa zaidi.

"Mama yangu anaishi huko, peke yake. Ana miaka themanini na mmoja. Tangu kimbunga nimemjazia fomu mara tatu. Namuuliza, ananijibu kama wanavyojibu wote, naandika dakika kumi, nakunywa chai yake, naondoka."

Akainama kufunga kamba za buti.

"Hayo maji ya chai, sijawahi hata siku moja kwenda naye kuyachota."