Unga Tulioufanya Sifuri

Maabara yetu iko Remera, Kigali, juu ya duka la vifaa vya umeme, chumba kimoja chenye feni inayolalamika kutwa. Tulikuwa tunatengeneza kihisio kidogo, kisichozidi ukucha wa dole gumba, cha kupimia sumukuvu kwenye unga wa mahindi. Sumukuvu hutokana na ukungu na hula ini taratibu. Haina harufu, haina ladha, na ukiichemsha unajisumbua tu. Juu ya chipu tulipandikiza aptama, vipande vifupi vya DNA vilivyochaguliwa kwa kazi moja: kipande kikikutana na sumu hiyo, hujikunja na kuikumbatia, umeme ukabadilika, na namba ikatokea kwenye simu. Kingamwili zingeweza kazi hiyo pia, ila zinadai friji, na friji yetu haikuwa ya kutegemewa.

Kwenye maji safi yenye chumvi zake, kihisio kilifanya kazi vizuri mno. Kwenye unga kikababaika. Tulihitaji unga usio na sumu kabisa ili tuuite sifuri, na ule tulioagiza nje ulikuwa umekwama forodhani. Mkuu wetu, mwanamke aliyekulia Uganda, asiyejua kusubiri, akanigeukia.

"Wewe si uko na shangazi ule wa uji? Unga yake iko safi. Leta."

Wote waliujua uji huo, maana nilikuwa naubeba kwenye chupa ya chai. Shangazi ndiye aliyenilea Tanzania, tukarudi Kigali pamoja, akapata nyumba mtaa wa Batsinda. Mahindi yake aliyachambua mwenyewe, punje moja moja, yenye ufa akaitupa, kisha akayafungia kwenye pipa la plastiki. Nilipomwambia kwamba unga wake ndio sifuri, kipimo cha maabara nzima, alifurahi hadi majirani wote wakajua. Wakati huo macho yake yalikuwa yameanza kuwa ya manjano. Hospitali walisema ini. Hakuweza kula tena isipokuwa uji, nami nilikuwa namhimiza.

"Kunywa, shangazi. Kigali nzima hakuna unga kama huu."

Tukaanza kupima unga wa masoko. Wa kwanza ukatoa namba chini ya sifuri. Wa pili vilevile. Karibu wote. Mtu mwenye akili timamu angesimama hapo ajiulize unga unawezaje kuwa na sumu pungufu ya hakuna. Sisi, wenye digrii zetu ukutani, tulizilaumu aptama. Tukazichemsha na kuzipoza polepole ili zijikunje upya. Tukabadili chumvi. Tukatupa chipu nzima nzima.

"Hizi aptama ziko na shida," mkuu akasema. "Tuagize zingine."

Kabla hatujaagiza, ule unga wa nje ukatoka forodhani. Tukaufanya sifuri mpya, na namba za masoko zikakaa mahali pake. Kisha nikapima wa shangazi, kwa mazoea tu. Namba ikapanda, ikazidi kupanda. Nikabadili chipu, ikawa ileile. Tukapeleka sampuli kwenye maabara kubwa, nao wakajibu kama aptama zetu, ambazo hazikuwa zimekosea hata mara moja. Kuchambua hakukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa pipa: aliyafungia mahindi msimu wa mvua kabla hayajakauka sawasawa, na ukungu ukapata makao.

Mkuu akaniambia, "Wende umwambie wewe."

Daktari alikuwa amekataa kutaja chanzo kimoja. Alisema ini huharibiwa na mengi. Ni kweli, na haikunisaidia chochote. Nilikuwa na hasira na pipa, na forodha, na kila kikombe nilichomsihi amalize.

Nilimkuta shangazi amekaa kitandani, chupa ya uji iko tayari mezani. Akamimina kikombe, akaonja kwanza, akaninyooshea. Ndiyo desturi yetu: mwenyeji huonja mbele ya mgeni, mgeni ajue hakuwekewa sumu. Shangazi hakuwahi kuiacha, hata kwangu, hata kwa uji.

Mkono wangu haukwenda.

"Nimeonja," akasema.

"Nimeona, shangazi."

"Sasa?"

Nikamweleza yote, pipa, namba, jibu la maabara kubwa. Alisikiliza akiwa bado amekishika kikombe. Nilitamani anitukane.

"Na wewe umekunywa hapa kila Jumapili," akasema. "Kesho nenda wakuangalie ini."

Kisha akakiweka kile kikombe upande wa ukutani, nyuma ya mto wake, nisije nikakifikia.