Magunia ya Mjukuu Wangu Niliyoyajaza Korosho

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri. Nimeishia darasa la tatu na mwandiko wangu ni kama kuku kapita kwenye majivu, lakini hili nimeliandika kwa mkono wangu, nisimpe mtu akalilainisha. Nimekosa. Nimekosa mimi, mtu mzima wa Nandagala, ambaye kutwa nafundisha wenzangu adabu.

Jina sitaji. Wa hapa watanijua, na wamekwisha nicheka vya kutosha.

Nina mjukuu, tumwite Somoe, mtoto wa binti yangu aliyeolewa Nachingwea. Ni mchoraji. Kazi yake ndiyo hiyo, huko Dar es Salaam, hana nyingine. Msimu wa korosho wa mwaka juzi alikuja kukaa kwangu miezi miwili, achore picha za maonyesho. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupewa ukumbi peke yake, bila kuchanganywa na wenzake. Picha kumi na mbili, siku imeshapangwa. Hilo aliniambia alipofika tu. Nililisikia. Nisije nikasema sikulisikia.

Lakini mimi nilikuwa naangalia kichwa! Kimenyolewa pande zote mbili, katikati nywele zimesimama kama upanga wa jogoo, tena za kijani. Masikioni kapachika pini zile za kufungia nepi, nne huku, tano huku. Suruali imechanika magotini, kaishona kwa waya. Buti za askari, kwenye jua lile!

Nikamuuliza kama mjini wameishiwa nguo. Akasema, "Bibi, hii ni panki." Akanieleza kuwa walianza vijana wa Ulaya zamani, waliochoka kupangiwa maisha, wakapiga muziki wa kelele, wakavaa vilivyochanika, na kila mtu akafanya kazi yake kwa alichonacho bila kungoja ruhusa. Nikamwambia hata mbuzi wangu hangoji ruhusa, na hakuna anayemwita msanii.

Nikajiona nimesema neno! Nikalirudia kwa majirani siku tatu.

Kwa kuwa alichora kwa alichonacho, hakununua kitambaa. Aliomba magunia yangu ya korosho ya zamani, yale ya juti, akayafumua mshono, akayatandaza kwenye kuta za chumba cha uani. Akachora kwa rangi ya mafuta, hii tunayopaka milango, na mkaa, na majivu. Rangi aliibandika nene kama ugali. Muziki wake ulipolia, kuku walihama.

Sasa sikilizeni kosa langu la kwanza, maana ni mawili. Miezi miwili sikuingia chumba kile. Alinifuata mara nyingi akisema njoo uone, nikamjibu nina kazi. Wanawake wenzangu walipouliza mtoto ana nini, nikawaambia anaumwa, anatumia dawa. Mtoto mzima wa afya! Nilimtangaza mgonjwa kwa sababu ya nywele.

La pili ndilo lililoniangusha. Picha zilipokamilika, Somoe alikwenda Nachingwea kwa mama yake, kuna seremala alikuwa anamtengenezea fremu. Akaniambia picha zikae palepale, rangi bado mbichi kwa ndani, atarudi Alhamisi.

Jumatano mawingu yakatanda. Korosho zangu zote ziko chini uani, turubai limeliwa na panya, magunia ya chama cha msingi cha ushirika yamechelewa, na kesho yake ndiyo siku ya kupokea mzigo kijijini kwetu. Mkulima anajua: korosho ikilowa, imeshuka daraja. Nikaangalia huku, nikaangalia huku. Nikakumbuka nina magunia kumi na mawili yananing'inia ukutani bila kazi.

Bila kazi! Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo huu.

Nikayashusha. Hata hapo sikuangalia. Niliona rangirangi tu, nikageuza upande ule ukawa ndani, watu wasiuone. Nikachukua shazia na kamba, nikashona, nikajaza. Nikajisifu kwamba mwanamke mwenye akili hashindwi na gunia. Asubuhi nikapakia kwenye trela la pawatila ya jirani, lile trekta dogo la kushika kwa mikono, nikakaa juu ya mzigo kama bibi harusi.

Pale chamani karani akashika bambo lake, akachoma gunia la kwanza kutoa korosho za kuangalia. Zikatoka nyekundu. Akachoma la pili, zikatoka kijani. Akaendelea kuchoma mpaka la mwisho, kila gunia na rangi yake. Karani yule ni Mmakonde, mtani wangu. Akatazama kiganja chake, akanitazama mimi.

"Bibi, hizi korosho umezipitisha saluni?"

Foleni nzima ikacheka. Nikamwambia apime aache maneno. Hakupima. Alimwaga gunia chini, akaligeuza ndani nje aone rangi inatoka wapi, akalikung'uta, akalikata mshono, akalitandaza.

Nilikuwa mimi.

Mimi, jamani, mkubwa kama mlango! Chale zangu za mashavuni kazichora kama pini zilizopangwa, zinang'aa. Kipini changu puani. Mdomo wazi, nafoka, na kilemba kimesimama katikati ya kichwa kama nywele zake. Korosho mbili zimegandia jichoni. Wakafungua la pili: mimi tena, nabangua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda. La tatu: mimi kijana, nimesimama mlangoni na jembe, siku niliyokataa kurithiwa na shemeji yangu. Hadithi hiyo nilikuwa nawasimulia wanawake wenzangu jikoni, Somoe akiwa mdogo mgongoni kwangu, nikidhani amelala.

Yote kumi na mawili, mimi. Kicheko kiliisha. Mama Hawa, jirani yangu, yule niliyemwambia mtoto anaumwa, akasema taratibu, "Kumbe huyu mgonjwa alikuwa anakuangalia wewe."

Fikirini. Mtu aliyechanjwa uso na kutobolewa pua akiwa mwali, wala hakuulizwa, anamcheka mtoto aliyejitoboa sikio kwa hiari yake! Nilitafuta pa kuficha uso, na uso wenyewe umetandazwa chini mara kumi na mbili.

Korosho zilikataliwa. Hizo sizililii. Lakini picha nilizirudisha zimetobolewa na bambo, rangi imebanduliwa na korosho, moja imebaki kidevu tu.

Somoe alifika alasiri ile, fremu zake zimefungwa juu ya bajaji. Alinikuta uani nachokonoa korosho kwenye rangi kwa kijiti. Nilitegemea afoke. Mdomo ninao, ningejua la kumjibu. Hakufoka. Akainama, akapitia moja moja mpaka ya mwisho.

"Uliziangalia kabla ya kujaza?"

Nikasema hapana.

"Ungeziangalia ukazichukia, Bibi, ningevumilia," akasema. "Hukuangalia."

Maonyesho hayakuwepo. Ukumbi walipewa wengine. Somoe alirudi Dar, fremu tupu akaziacha kwangu, na tangu hapo hajakanyaga hapa. Simu anapokea. Anasalimia, anauliza hali ya kila mtu, kisha anasema ana kazi. Na mimi nitamlaumu kwa lipi?

Basi nawaonya, hasa wazee wenzangu mnaosomewa haya na wajukuu. Mtu wa kwenu akifanya kazi usiyoielewa, ingia ndani uitazame. Usipoipenda, mwambie hujaipenda, atakujibu, mtagombana, mtakula. Mimi nilijifanya sina muda. Sasa muda ninao tele, hata wa kuandikia gazeti.

Juzi mama yake kanipa habari: Somoe anakuja tukishavuna ufuta. Siku ngapi, hakusema. Nywele safari hii eti za zambarau, na huku mtaani wameshaanza kunitania. Nimewakusanya wote wa nyumba hii, wakubwa kwa wadogo, nikawaamuru hivi: mtu asimuulize kichwa. Atakayemwona wa kwanza ampokee mzigo, amuulize anachora nini, kisha akae chini aangalie mpaka mwenyewe amwambie basi.