Rask, Jina la Nyumba ya Askari

Nilifunga safari kwa sababu ya simu moja. Ilikuwa Aprili 2008, nyumbani kwangu Vällingby, magharibi mwa Stockholm. Wifi yangu Birgitta, dada wa mume niliyekuwa nimeachana naye, alinipigia nikiwa jikoni, akaniuliza kwa upole nitarudisha lini jina lao.

"Rask ni damu yetu, Zaina," alisema. "Mtoto abaki nalo, ni wetu. Lakini wewe..."

Hakumalizia. Binti yangu Salma, wa miaka minane, alikuwa amesikia. Akaniuliza kwa Kiswidi, maana hunijibu hivyo hata nikimsemesha Kiswahili: "Mimi na baba ni Rask. Wewe utakuwa nani?"

Sheria iliniruhusu kubaki nalo. Kilichoninyima raha ni kingine. Zamani nilipoomba kazi kwa jina la baba yangu, Mrefu, barua zangu hazikujibiwa. Nilipoolewa nikaandika Rask, nikaitwa kwenye usaili wiki ileile, na ndiyo kazi ya uuguzi msaidizi ninayoifanya mpaka leo. Kwa hiyo wifi aliposema "damu yetu", nilijiona mwizi.

Siku tatu sikutulia. Nilifua mapazia yaliyokuwa safi. Nilishuka treni kituo kisicho changu, mara mbili. Mwishowe nikampigia Gunvor, shangazi yao, ambaye ukoo mzima husema ndiye anayejua habari za jina lile.

"Njoo," alisema. "Na uje na viatu vya matope."

Jumamosi asubuhi, Salma akiwa kwa baba yake, nilipanda treni ya kwenda Uppsala. Nilibadilisha kiti mara tatu ndani ya behewa lenye watu watano. Mashamba yalikuwa yamelowa, theluji imebaki kwenye mitaro tu, nyeusi kwa vumbi la barabara. Kutoka Uppsala nilichukua basi hadi kijijini kwao, na njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kujitetea.

Saa sita mchana nilimkuta Gunvor kituoni, ameegemea baiskeli, mwanamke wa miaka themanini aliyevaa buti za mpira. Hakunipeleka nyumbani kwanza. Tulikata njia ya msituni hadi kwenye nyumba ndogo ya mbao, nyekundu, chumba kimoja na jiko. Juu ya mlango palikuwa na kibao chenye namba.

"Hapa ndipo lilipoanzia," alisema.

Akanieleza tukiwa tumesimama. Zamani mfalme alitaka askari kila sehemu ya nchi, basi wakulima wa jirani waliungana kumtunza mmoja, wakampa nyumba na kipande cha shamba. Wanaume wengi waliitwa kwa majina ya baba zao, na kikosini wakajaa kina Erik mwana wa Per. Kapteni akiita mmoja, wanaitika sita. Ndiyo maana kila askari alipewa jina fupi: ngao, chuma, jasiri. Wa nyumba hii, Erik mmojawapo, alipewa Rask, yaani mwepesi, mtu wa haraka.

"Huyo Erik ndiye babu yenu?" niliuliza.

"Hapana. Erik alikufa vitani. Akaletwa Olof, mtu baki kabisa. Akapewa nyumba, namba na jina. Sisi tumetoka kwa Olof."

"Kwa hiyo jina si la damu?"

"Jina lilikuwa la nyumba, Zaina. Aliyeingia, alilivaa."

Nilikaa kwenye kizingiti. Nikamuuliza mke wa Erik alikwenda wapi.

Gunvor aliketi kando yangu. "Karin? Nyumba ilikuwa ya askari, na askari ameshakufa. Alikuwa na watoto watatu. Ama aondoke, ama aolewe na huyo mpya. Aliolewa na Olof kabla ya mavuno. Ni bibi yetu sote."

Alasiri, kwake, tulikunywa kahawa na mikate ya iliki. Alinionyesha nakala za daftari la jeshi, kisha akaniuliza jina langu la kwetu lina maana gani. Nikamwambia babu yangu alikwenda kukata mkonge Korogwe, akakuta kina Juma wamejaa kambini. Karani akachoka, akamwandika Juma Mrefu.

"Alikuwa mrefu kweli?"

"Baba anasema aliinama kila mlango. Mimi ndiyo hivi unavyoniona."

Gunvor alicheka mpaka akavua miwani. "Kumbe karani wenu ni ndugu wa kapteni wetu!"

Jumapili nilirudi Stockholm, na jioni hiyo nikampigia Birgitta. Nilimweleza habari za Olof na Karin.

"Baba hakutuambia hivyo," alisema.

"Muulize shangazi. Mimi nitabaki nalo, wifi. Silichukui kwenu. Nimeishi ndani yake miaka tisa, na nimelifanyia kazi."

"Nitamuuliza mwenyewe."

"Muulize. Atakuonyesha na daftari."

Alikata simu bila kuniaga. Ilinichoma, lakini usiku ule nililala.

Wiki iliyofuata nilikwenda ofisi ya kodi, ambayo huku ndiyo huandikisha majina, nikajaza fomu ili jina la baba yangu lirudi, litangulie Rask. Nilichojifunza ni kwamba majina mengi hutolewa na watu wenye haraka, waliotaka tu kumtofautisha mmoja na mwingine. Heshima huja baadaye, huletwa na anayeishi na jina, anayeamka nalo na kuliitikia linapoitwa.

Mwezi uliofuata nilivaa kibandiko kipya chenye jina langu kazini. Bibi mmoja niliyekuwa nikimfunga kidonda alikisoma taratibu, kidole juu ya herufi.

"Zaina Mrefu Rask," alisema. "Hilo la katikati ni la wapi?"

Zamani ningesema tu, la Afrika, nikaendelea na bendeji. Siku ile nilivuta kiti, nikaketi.