Kinachoita Ndani ya Uboho Wangu

Nani kakwambia Shangazi ndiye aliyeniroga? Rudia mbele yangu. Huyo kanilea toka mama afariki. Anauza dagaa hapa Kamanga, na mimi nilikuwa nambebea magunia mpaka kwenye kivuko bila kuhema. Kaa chini, usikilize.

Ilianza kushoto, chini ya mbavu. Kitu kigumu. Nikila matonge mawili nimeshiba. Nikivuta pumzi kinashuka, nikitoa kinapanda, kama mtu kalala humo ananisikiliza. Shuka linalowa jasho. Mikono inakonda, tumbo linakua.

Huku ziwani, kijana akivimba tumbo jibu ni moja: kichocho. Nikameza dawa za kichocho, kikazidi. Ndipo watu wakasema uvimbe huo ni bandama, na limetumwa na Shangazi. Mzee mmoja akanichanja chale juu yake, damu ikagoma kukauka. Majirani wakaanza kumkwepa Shangazi. Asubuhi moja tukakuta majivu yamemwagwa kwenye chanja lake la kuanikia dagaa.

Ni yeye huyohuyo aliyenivusha mpaka hospitali Mwanza. Daktari akapima, akasema ni saratani ya damu. Nikamuuliza kwa hasira nani kanitumia.

"Hakuna, mwanangu," akasema. "Ndani ya seli za uboho, humo mifupani damu inapotengenezwa, kuna vimeng'enya vinavyopeleka ujumbe mpaka kwenye jeni: hii iamke, ile ilale. Ujumbe ukifika, vinazima. Chako kimoja kimegoma kuzima, seli zinazaana ovyo na kujaa kwenye bandama."

Yaani humu mifupani kuna kitu kinaita, zaeni, zaeni, hakuna aliyekituma, na seli zinatii. Mchawi ningemfuata nikamkaba. Hiki nakifuata wapi?

Nikapewa kidonge cha kila siku. Kinaenda kukaa palepale kimeng'enya kinapopatia nguvu, kinapaziba. Macho yalivimba, misuli ya miguu ikakaza, nikatapika. Lakini tumbo likaanza kushuka. Shangazi alikuwa analipapasa kila asubuhi, mpaka siku moja akacheka: "Mpangaji kahama."

Hajahama. Kanyamazishwa. Daktari kanionya nisiache dawa eti kwa sababu najisikia mzima. Saa nyingine nikikaa kimya nahisi kabisa kinangoja nisahau.

Namshukuru Mungu, namshukuru Shangazi. Ukihisi ugumu huo kushoto, kapime damu kabla hujachanjwa.

Na tumbo lako likivimba kesho, wewe utamtaja nani?