Mwalimu wa Mawe

Nilimwonea wivu kabla hata sijamjua vizuri, na sioni sababu ya kulificha jambo hilo sasa. Alikuja shuleni kwetu, upande wa Mwakitolyo, mwanzoni mwa muhula: binti wa Kishapu mwenye begi moja na viatu vya kamba, aliyeletwa kufundisha Kiswahili. Kiswahili kilikuwa changu. Nilikuwa nimekifundisha pale miaka kumi na saba, mingi nikiwa peke yangu, na mwanafunzi akikosea ngeli hata mbele ya duka la soda alinitazama kwanza mimi kabla ya kujisahihisha. Mkuu wa shule akagawa vipindi. Mgeni achukue Kidato cha Kwanza hadi cha Tatu, mimi nibaki na cha Nne. Alisema ananipunguzia mzigo. Nilimshukuru, nikaenda nyumbani nikashindwa kula.

Insha ya hoja niliifundisha kama nami nilivyofundishwa. Utangulizi uanze na methali. Zifuate hoja tano, kila moja na aya yake, na kila aya ifunguliwe kwa "aidha", "vilevile" au "fauka ya hayo". Hitimisho lirudie yote na kuishauri serikali. Mwanafunzi wangu aliweza kukuandikia hoja tano za kutetea chochote: shule za bweni, ufugaji wa nyuki, simu za mkononi. Kesho yake ungemgeuza apinge, naye angezitoa tano nyingine bila kukuna kichwa. Kama aliziamini au hakuziamini, sikuwahi kumuuliza. Walifaulu, wazazi waliniletea kuku, na mimi niliona kazi imefanyika.

Katika Kidato cha Nne nilikuwa na msichana mmoja niliyemshika mkono tangu alipoingia, bado akisema "naludi" na "nalala njaa, madamu" kwa sauti ambayo ilibidi niiname kuisikia. Mama yake alipika wali na maharage kule mialoni, wachimbaji wanakosafishia mchanga wa dhahabu. Mapumziko ya saa nne nilikuwa namwita ofisini, anakaa pembeni ya meza yangu, tunagawana viazi huku nikimsahihishia insha alizoandika kwa hiari yake. Kulikuwa na kurasa ambazo wino wangu mwekundu ulikuwa mwingi kuliko wa kwake wa bluu. Nilimpenda mtoto yule. Nilipenda pia kuonekana nimemtengeneza, na wageni wakija shuleni yeye ndiye niliyemsimamisha asome.

Kisha mama yangu mdogo akafariki Chato. Nilikaa msibani wiki mbili, na mkuu wa shule akampa yule binti darasa langu ashikilie hadi nirudi. Nilirudi Jumatatu, nikapita dirishani kabla hata sijaweka mkoba chini, nikakuta darasa langu silitambui.

Walikuwa wamekaa wawili wawili, wamebadilishana madaftari. Baadaye nilielezwa na mwalimu wa Jiografia, ambaye alisimulia kwa furaha iliyonikera, jinsi ilivyoanza. Binti aliingia darasani akawauliza: mtu akikuletea kiroba cha mawe akasema yana dhahabu, unafanyaje? Darasa zima likacheka. Nusu yao wamekulia machimboni. Wakamwambia hununui maneno, unachukua sampo: unatoa jiwe moja, unalitwanga, unaliosha kwenye karai, unatazama kilichobaki chini. Akauliza jiwe hilo anachagua nani, muuzaji au mnunuzi? Hapo wakamjibu kwa kelele. Mnunuzi! Muuzaji atakupa jiwe la juu, lile alilolipanga mdomoni mwa kiroba ling'ae. Mnunuzi mwenye akili anazamisha mkono hadi chini, anatoa analolitaka yeye.

Akawaambia basi insha ya hoja ni kiroba, na msomaji ndiye mnunuzi. Tangu siku hiyo mwanafunzi akimaliza kuandika, anampa mwenzake daftari. Mwenzake anachagua hoja moja, yoyote, hasa ile inayoonekana imefichwa katikati, na mwandishi anatakiwa aitwange mbele yake: umejuaje, umeona wapi, nani mwingine ameona, na kama si hivyo ingekuwaje? Mfano uliochaguliwa kwa kuwa ni mzuri tu, huku mingine imeachwa, pembeni yake wanaandika "jiwe la juu". Mwandishi analazimika kurudi kuandika upya.

Nilijua papo hapo kwamba ni kitu kizuri. Ndiyo maana kiliniuma. Kingekuwa kibaya ningelala usingizi.

Ofisini nikampachika jina, Mwalimu wa Mawe, na wenzangu wakacheka, nami nikachekea chini chini kama mtu asiye na makosa. Akisifiwa nilisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Yeye kila asubuhi alinijia na "Shikamoo, mama", akapiga goti kidogo kama wanavyofundishwa mabinti wa kwao, nami nikaitika "Marahaba" kwa midomo iliyobana. Siku moja nilinunua maandazi kwa mama aliyejifunga kanga iliyoandikwa Mwenye Wivu Ajinyonge. Nikahisi imevaliwa kwa ajili yangu, nikaacha kununua kwake wiki nzima.

Lakini kilichonichoma zaidi ni yule msichana. Wiki ile ile niliyorudi nilimwona chini ya upenu wa Kidato cha Tatu, amesimama na binti wa Kishapu, karatasi mkononi, wanaongea na kucheka. Karatasi! Mimi nilijua karatasi ile ni insha yake. Saa nne nilikaa mezani na viazi vyangu, nikingoja aje. Hakuja. Kesho yake hakuja. Nikasema moyoni, haya, nenda, nimekulisha na kukufundisha, sasa umempata wa kukuchekesha. Darasani nikaanza kumpita kwa macho anaponyoosha kidole.

Mungu akanipa nafasi, au niseme nafsi yangu ilijitafutia. Alikuja mzazi mmoja, mwenye duara lake, shimo la kuchimba dhahabu, akiwa na hasira hadi ofisi ya mkuu wa shule. Sisi wengine tulisikia yote.

"Nimemwambia mtoto, mwanamke akikanyaga duara, dhahabu inahama. Jambo linajulikana! Ananijibu ati, 'Baba, umepima mara ngapi? Hilo ni jiwe la juu.' Mimi! Baba yake! Wabeja, walimu. Asanteni sana kwa kazi hiyo."

Mkuu wetu ni mtu wa Tabora, wa kofia iliyodarizwa kwa mkono na maneno machache. Alimtuliza mzee, kisha akaniita. Alisema anafikiria kuamua mambo mawili: kama mbinu ile iendelee, na nani awaandae Kidato cha Nne kwa mtihani wa mwisho. Wewe ni mkongwe, akaniambia, niandikie ukurasa mmoja unaonaje. Nilitoka pale mwepesi kama msichana.

Niliandika ukurasa ule kwa siku mbili. Ulianza: "Wahenga walisema ya kale ni dhahabu." Hoja zilikuwa tano. Nilisema mbinu ya mawe inawafundisha watoto kubomoa bila kujenga, inawapunguzia adabu, inawapotezea ufasaha. Nikaona inahitaji ushahidi, nikaenda kabatini yalipokaa madaftari ya Kidato cha Tatu, ambacho nacho binti alikifundisha mbinu hiyo, yapata sitini. Nilipekua yote. Mazuri niliyarudisha. Nikabaki na matatu, mabovu kweli kweli, sentensi zimevunjika na hoja haina kichwa wala miguu. La pili lilikuwa la kijana ambaye nilijua kabisa kwamba alikuwa mialoni karibu muda wote mbinu hiyo ilipofundishwa. Nilijua. Niliyaambatisha yote matatu, nikafunika majina kwa karatasi, nikajiambia hilo ni kwa heshima ya watoto.

Mkuu alikaa na ukurasa wangu hadi Ijumaa. Kisha akatuita wote wawili, mimi na binti, akasema ameshindwa kuamua kwa kusoma peke yake.

"Humu imeandikwa kwamba hawawezi kujenga hoja," alisema. "Basi Kidato cha Nne wapewe ukurasa huu wenyewe, bila jina, na madaftari yake. Waupime kwa maandishi. Mwalimu wao asahihishe."

Mwalimu wao nilikuwa mimi. Nilisema haitakuwa haki, nikasema vipindi havitoshi, nikasema wino wa mashine ya kutolea nakala umekwisha. Binti alikuwa anatazama mikono yake. Kama alitambua mwandiko wa akili yangu, hakuonyesha. Mkuu akasema wino atanunua yeye.

Wakaandika Jumatatu, dakika themanini. Mimi nilisimama mbele kama msimamizi. Waliposoma mstari wa kwanza, wanne au watano waliinua vichwa wakanitazama, kisha wakaviinamisha haraka. Nani mwingine shule nzima anaanza na ya kale ni dhahabu? Nilijifanya nafuta ubao uliokuwa msafi.

Nilisahihishia nyumbani, mlango nimeufunga. Wengine waliuogopa ukurasa wakausifu tu, na nilifarijika kwao kwa aibu. Yule msichana nilimweka wa mwisho. Mwandiko wake naujua kama naujua mlango wangu. Hakuanza na methali. Alianza hivi: "Mwandishi ametoa madaftari matatu. Darasa lina watu wapatao sitini. Aliyeyachagua ni nani, na yale mengine yanasemaje?" Akaendelea kuonyesha kwamba daftari la pili tarehe zake zinaruka wiki tatu, kwa hiyo haliwezi kushuhudia mbinu ambayo mwenye daftari hakufundishwa. Hoja ya adabu akaikubali nusu: alisema ni kweli wanafunzi wanatumia neno "jiwe la juu" kuwanyamazisha wengine badala ya kuwasikiliza, na walimu wote wanapaswa kulirekebisha. Hilo mimi sikuwa nimeliona. Alikuwa amejenga upande wangu vizuri kuliko nilivyoujenga mwenyewe.

Mwishoni aliandika: "Mwandishi huyu anajua kuandika. Mtu anayejua kuandika hivi hahitaji kuchagua mawe. Nadhani hoja yake ya kweli hakuiandika. Nadhani ameumizwa na kitu."

Nilikasirika. Nisidanganye, kwanza nilikasirika, nikasimama, nikazunguka meza. Nilitaka kumpa kumi na mbili kwa ishirini na kuandika "lugha isiyo na staha". Hakuna ambaye angejua. Mkuu angeona alama, angeona mbinu imeshindwa hata kwa mwanafunzi bora, na darasa lingebaki kwangu lote. Nilishika kalamu kwa muda mrefu. Halafu nikampa kumi na tisa, kwa sababu zilikuwa ni kumi na tisa. Moja nilimnyima kwa haki: penye "nadhani ameumizwa" nilipiga mstari, nikaandika pembeni, "Ushahidi?" Nikaona angalau hapo nimempata.

Siku ya pili baada ya kuwarudishia, nilikuta karatasi yake juu ya meza yangu. Chini ya neno langu jekundu alikuwa ameandika kwa penseli, herufi ndogo:

"Ushahidi: tangu madamu arudi kutoka Chato, hajaniita hata siku moja."

Nilikaa nikatafuta pa kuipinga. Nilirudi nyuma siku moja moja, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki hadi wiki. Nilingoja aje, ndiyo. Lakini kwetu mwanafunzi haingii ofisi ya walimu bila kuitwa, na kanuni hiyo niliyekuwa naisimamia kwa ukali kuliko wote ni mimi. Wakati mimi nimekaa na viazi vyangu ndani, yeye angekuwa wapi ila nje?

Nikaenda kwa mkuu. Nilimwambia madaftari yale niliyachagua, na la pili nilijua kwamba mwenye nalo hakuwepo. Hakushangaa, na hilo pia liliniuma. Akauliza basi Kidato cha Nne kimwendee nani. Nikasema mbinu ya mawe iendelee, tukifundishe wote wawili, binti siku zake na mimi siku zangu, na kwamba ukurasa wangu naomba nirudishiwe. Akanirudishia.

Ilikuwa saa nne. Nilikwenda mlangoni kwa Kidato cha Nne, nikamwita. Alinifuata hadi ofisini, akasimama pembeni ya meza bila kukaa.

"Shikamoo, madamu."

"Marahaba. Una insha nyingine ulizoandika?"

"Nne, madamu."

Alizitoa katikati ya daftari, zimekunjwa na kukunjuliwa hadi mikunjo imechakaa. Nikazipitia haraka, nikitafuta mwandiko wa mtu mwingine. Hazikuwa na alama yoyote, si nyekundu wala ya rangi nyingine.

"Mbona hazijasahihishwa? Nilikuona unampelekea mwenzangu."

"Nilimpelekea," alisema. "Akasema hizi ni za madamu, nimsubiri madamu aniite."

Siku zote nilizomwonea wivu yule binti wa Kishapu, hakuna iliyofikia siku ile. Nilimwambia msichana avute kiti.